Dawa ya Yakini na Dawa ya Dhana

Ndugu mmoja wa Kisiwa Panza, kisiwa kidogo kilicho kusini mwa Pemba, ameleta swali ambalo naona halimhusu yeye peke yake. Mtoto wa dada yake, mwenye umri wa miaka tisa, amepatikana na saratani ya damu, ile waiitayo madaktari lukemia kali ya mailoidi, naye anatibiwa Dar es Salaam. Kwa dawa za awali ugonjwa ulitoweka, kisha ukarudi. Ndipo akatokea mtu akawaambia jamaa kwamba ng'ambo iko tiba mpya, ya kumtia mgonjwa chembe za damu ya mtu mwingine ziitwazo “wauaji wa asili”, na kwamba yeye aweza kuwafanyia mpango ikiwa fedha zitatangulia. Fedha hizo hazipatikani ila kwa kuuza mashua ya ukoo na mikarafuu yao iliyoko Pemba, ng'ambo ya maji, ambayo sehemu yake ni haki ya mayatima wa ndugu yao aliyefariki. Wazee wamegawanyika. Wengine wasema asiyeuza amemwua mtoto. Wengine wasema mahangaiko yote haya ni upungufu wa tawakali. Naye auliza: Je, tukiiacha dawa hiyo tutakuwa na dhambi mbele ya Mwenyezi Mungu?

Wanazuoni wamesema tangu zamani kwamba kulihukumu jambo hufuata kulifahamu. Basi na tuufahamu kwanza ugonjwa, kisha dawa, ndipo tufike kwenye dhambi na thawabu.

Damu ya mwanadamu hutengenezwa katika uloto, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa. Humo kila siku huzaliwa chembe nyekundu zichukuazo hewa, chembe nyeupe zipiganazo na maradhi, na vipande vidogo vya kuigandisha damu mtu akijeruhiwa. Katika lukemia ya namna hii chembe changa hukataa kukomaa. Huongezeka bila kipimo, huujaza uloto, na zile zenye manufaa hukosa nafasi. Mgonjwa huishiwa damu, ufizi na pua humtoka damu, na homa ambayo kwa mwingine ingekuwa ya siku mbili kwake yaweza kuwa mauti. Asipotibiwa, maisha yake huhesabiwa kwa majuma au miezi. Huwapata wazee zaidi kuliko watoto, lakini watoto hawakusalimika nayo.

Msingi wa tiba yake wajulikana tangu miaka ya 1970: saitarabini kwa siku saba pamoja na daunorubisini kwa siku tatu, kisha dawa nyingine za kuukaza ushindi. Katika nchi zenye hospitali tajiri zaidi ya nusu ya watoto hupona. Lakini dawa hizo huua chembe njema pamoja na mbaya, hata mgonjwa hubaki majuma kadhaa kama mji usio na askari. Kwa hiyo kupona kwake hutegemea pia damu ya kuongezewa, dawa za kuua vijidudu zipatikanazo usiku na mchana, na wauguzi wenye mikono safi. Namwomba msomaji alishike jambo hili, kwani tutalirudia.

Ama hao “wauaji wa asili”, ni aina ya chembe nyeupe ambazo kila mmoja wetu anazo mwilini. Zilitambuliwa katikati ya miaka ya 1970 na wataalamu wa Stockholm, akina Rolf Kiessling, Eva Klein na Hans Wigzell, na wakati uo huo na Ronald Herberman huko Marekani. Ziliitwa hivyo kwa sababu huua chembe iliyoharibika bila kufundishwa kwanza kuijua. Kwa miaka kadhaa watu hawakufahamu zinamtambuaje adui, mpaka katika miaka ya 1980 Klas Kärre, naye wa Stockholm, akaeleza jambo la ajabu. Chembe hizi hazimtafuti mgeni. Zamtafuta aliyeivua alama ya kwao. Kila chembe ya mwili hubeba juu yake alama za mwenye mwili, mfano wa jahazi lipeperushalo bendera. Mlinzi akiiona bendera huliacha lipite, asipoiona hulizamisha.

Sasa lukemia ina hila. Mara nyingi hubaki na bendera yake, na walinzi wa mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa wameizoea, huipisha. Hapo wataalamu walifikiri kuazima walinzi wa mtu mwingine, hasa mzazi au ndugu ambaye alama zake zalingana na za mgonjwa kwa nusu tu, kwani walinzi hao hawatulizwi na bendera wasiyoifahamu. Mwaka 2002 Loredana Ruggeri na Andrea Velardi wa Perugia, Italia, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba wagonjwa wa lukemia ya mailoidi waliopandikizwa uloto wa jamaa wa namna hiyo walirudiwa na ugonjwa kwa uchache zaidi. Mwaka 2005 Jeffrey Miller na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitangaza matokeo ya kuwatia wagonjwa chembe hizi bila uloto. Mtoaji hulala kando ya mashine ichujayo damu yake kwa saa kadhaa, ikazitwaa chembe nyeupe na kumrudishia zilizobaki. Mgonjwa hupewa kwanza dawa kali za kuwafanyia wageni nafasi mwilini, saiklofosfamaidi ikiwa mojawapo, ndipo chembe za mwenziwe zimiminwapo mshipani. Katika wagonjwa 19 wa lukemia hii ambao hali zao zilikuwa mbaya, kwa watano ugonjwa haukuonekana tena katika vipimo.

Watano katika 19 waliokuwa wamekatiwa tamaa si jambo dogo. Wala si uponyaji, kwani kutoonekana kwa ugonjwa leo si ahadi ya mwakani, na chembe za kuazima mara nyingi huishi siku au majuma tu. Mwaka 2010 hospitali ya St. Jude ya Memphis ilitangaza habari za watoto 10 waliotiwa chembe hizi baada ya kwisha kupata nafuu; wote waliendelea na nafuu yao katika muda wa kuangaliwa, ambao kwa kadiri ulipita miaka miwili. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini jaribio lililofuata, lililotangazwa mwaka 2019, liliwatazama watoto wengi zaidi na halikuona kwamba chembe hizo ziliuzuia ugonjwa kurudi. Wataalamu wengine wamejaribu kuziamsha chembe kwa dawa kabla ya kuzitia, kama ilivyofanyika St. Louis, na mwaka 2016 wakatangaza nafuu kwa baadhi ya wagonjwa wachache waliojaribiwa. Kazi yaendelea, nasi twawaombea Mungu. Hata hivyo tiba hii bado ni ya majaribio, na amwambiaye mama wa mgonjwa kwamba ni dawa iliyokwisha thibiti hamwambii kweli.

Huo ndio ukweli wa kitu chenyewe. Tuje kwenye hukumu yake.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake mashuhuri Ihya Ulumid-Din alizigawanya njia za kuondoa madhara katika mafungu matatu. Liko fungu la yakini, kama maji kwa kiu na mkate kwa njaa. Liko fungu la dhana, yaani zile njia ambazo kwa kawaida hufaa lakini zaweza zisifae, na humo alizitia dawa za matabibu wa zama zake. Na liko fungu la kuwazia tu, na katika mifano yake alitaja kuchoma kwa chuma cha moto. Kuiacha njia ya yakini wakati wa kuhofia mauti hakuwi tawakali, bali ni haramu. Kuitumia ya dhana hakuiharibu tawakali, wala kuiacha si haramu. Ya kuwazia, mwenye tawakali huiacha.

Mgawanyo huu, ijapokuwa umepita miaka mia tisa, wamfaa mtu aliyekaa leo kando ya kitanda cha mgonjwa. Damu ya kuongezewa mtoto aliyeishiwa damu ni maji kwa mwenye kiu. Dawa za kuua vijidudu, homa ikimpanda naye hana askari mwilini, ni vivyo hivyo. Saitarabini na daunorubisini ni dhana, lakini ni dhana yenye nguvu kubwa, na kwa mtoto mimi naiona yaikaribia yakini kiasi kwamba mzazi hana ruhusa ya kumtorosha wodini. Ama wauaji wa asili, kwa hali ijulikanayo leo, wako mwisho wa dhana, mpakani pa kuwazia. Basi jamaa hawa wakiiacha tiba hiyo hawana dhambi. Wangekuwa nayo kama wangemrudisha mtoto kisiwani angali ahitaji damu.

Msomaji mmoja atasema: “Huenda huko ni kurahisisha, uhai wa mtoto si wa kupimwa kwa mizani ya dhana.” Pingamizi hii ni ya haki, nami sitaki kuikwepa. Katika Bukhari imo habari ya mwanamke mweusi aliyeugua kifafa, akamjia Mtukufu Mtume s.a.w. kuomba dua. Akapewa hiari: ama aombewe apone, ama asubiri apate Pepo. Akachagua kusubiri, ila aliomba dua ya kwamba mwili wake usifunuke aangukapo. Wengi huitoa habari hii ili kuthibitisha kwamba kusubiri ugonjwa kwajuzu, na kweli kwajuzu. Lakini yule mama alikuwa mtu mzima, akichagua kwa nafsi yake. Mtoto wa miaka tisa hachagui. Wala mjomba hawezi kusubiri kwa niaba ya mwili usio wake na kujihesabia thawabu za subira hiyo. Kwa hiyo mlezi hana uhuru aliokuwa nao yule mama. Yampasa kutazama maslaha ya mtoto na si mengine.

Sasa maslaha ya mtoto ni yapi? Si kuongeza siku peke yake. Safari ya kwenda nchi ya mbali, dawa kali kwa mara nyingine, miezi katika chumba cha peke yake ambamo hakuna asemaye lugha yake, na pengine kufa huko mbali na bibi yake na mawimbi aliyozoea kuyasikia, yote haya nayo huingia katika mizani. Mlezi akiyapima kwa uaminifu, akashauriana na daktari anayemtibu mtoto hasa, kisha akaamua kutokwenda, ametimiza wajibu wake. Na akiwa na mali yake mwenyewe, akapata nafasi ya kweli katika majaribio ya kweli, akaenda, naye ametimiza.

Lakini mali hii si ya mjomba peke yake. Saad bin Abi Waqqas r.a. alipougua sana huko Makka katika Hija ya Kuaga, alitaka kuitoa sadaka theluthi mbili za mali yake. Mtukufu Mtume s.a.w. alimzuia, akamzuia na nusu pia, akamruhusu theluthi, naye akasema hata hiyo ni nyingi, kwani kuwaacha warithi wenye kujitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakinyosha mikono kwa watu. Habari hii haihusu dawa, nalijua hilo. Yahusu wasia. Lakini jicho lililomtazama mgonjwa likawatazama pia watakaobaki baada yake ndilo tulihitajilo hapa. Na ajabu ni kwamba Saad hakufa katika ugonjwa ule. Aliishi akapata watoto wengine, na miaka baadaye ndiye aliyeliongoza jeshi la Waislamu huko Kadisiya.

Kuhusu fungu la mayatima sioni nafasi ya kushauriana. Kurani Tukufu, katika sura ya An-Nisaa, imewaonya kwa ukali mno walao mali ya yatima kwa dhuluma. Mjomba akiwa ndiye msimamizi wa mikarafuu hiyo, basi ameikalia kama amana. Hawezi kuuza mti wa yatima kwa ajili ya dawa ya dhana ya mtoto mwingine, hata akiwa ampenda kuliko roho yake, wala wenye mali wenyewe hawawezi kumpa idhini mpaka wabaleghe na kupata rushdi. Fungu lake yeye aweza kuuza. Mashua, ikiwa ndiyo iwalishayo nyumba zote, aifikirie mara mbili.

Nawageukia sasa wale wazee wa upande wa pili, waonao kwamba kuhangaika na hospitali ni kumshuku Mwenyezi Mungu. Tawakali maana yake ni kuutegemeza moyo kwa Mungu baada ya mkono kwisha kufanya kazi yake. Bedui aliyemwacha ngamia wake bila kamba alielekezwa na Mtume s.a.w. amfunge kwanza. Na kwa jambo hili watu wa Kisiwa Panza hawahitaji kufundishwa na mwalimu aliye mbali. Mwezi wa Machi 2024 watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki kisiwani humo baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 wengine wakalazwa. Mwaka 2021 watu saba walikuwa wamekwisha kufa Pemba kwa sababu iyo hiyo. Sumu iliyomo wakati mwingine katika nyama hiyo haiondolewi na moto wa jikoni, haina dawa ya kuipinga, na mama aliyeila aweza kuipitisha kwa mwanawe katika maziwa. Waliokula walikula kitoweo walichokizoea toka kwa babu zao, na sina neno la lawama juu ya waliozika. Nauliza tu: ni mzee gani wa kisiwa hicho leo atakayempa mjukuu wake nyama hiyo akasema, “Namtegemea Mungu”? Aliyekwisha kulifahamu hili juu ya kasa amekwisha kulifahamu juu ya damu ya hospitali.

Tena mafungu ya Ghazali hayakai mahali pamoja milele. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Afrika. Kuutibu kwa dawa wakati ule kulikuwa ni kuwazia. Madaktari wa Kampala wakajaribu, na miongoni mwa dawa zao ilikuwamo saiklofosfamaidi, ile ile tuliyoitaja juu. Mwaka 1967 ikaanzishwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na mwaka 1972 Burkitt pamoja na John Ziegler wa taasisi hiyo wakawa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker. Watoto waliokuwa wakihesabiwa kuwa wafu walirudi vijijini kwao wakiwa wazima. Hayo hayangekuwako kama hapakuwa na akina mama waliokubali watoto wao wajaribiwe. Kwa hiyo simlaumu aingiaye katika majaribio. Huenda akawa anawafungulia mlango watoto asiowajua. Ila aingie kwa macho yaliyo wazi. Katika majaribio ya haki mgonjwa huelezwa ukweli wote kwa maandishi, baraza la maadili huyasimamia, na kwa kawaida kile kinachojaribiwa hakilipiwi na mgonjwa. Viko vituo katika nchi mbalimbali viuzavyo chembe hizi kwa yeyote mwenye fedha. Mtu atakaye malipo yatangulie, naye hataji hospitali, wala daktari, wala jina la jaribio, anafanya biashara kwa huzuni ya mama. Jamaa wa mtoto wasimpe hata thumni, na wamwulize daktari wao wa Dar es Salaam kabla ya kumjibu.

Na daktari huyo waulizwe mengine yaliyo karibu zaidi. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili watoto wenye saratani hutibiwa bure kwa msaada wa jumuiya ya Tumaini la Maisha. Basi fedha za ukoo zahitajika kwa nauli ya meli, chakula na malazi ya mama, ambayo ndiyo mambo yafanyayo wengi wakate tiba katikati. Kupandikiza uloto, tiba iliyo kongwe na yenye nguvu kuliko ya wauaji wa asili, si jambo la ng'ambo peke yake tena: mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kuwapandikiza watoto wenye selimundu uloto wa ndugu zao. Lukemia iliyorudi ni jambo zito kuliko selimundu, wala sisemi kwamba mlango huo uko wazi kwake. Nasema waulize, na ndugu zake wa baba na mama mmoja wapimwe, kwani kila mmoja ana nafasi moja katika nne ya kulingana naye kabisa. Na wanaume wote wa ukoo wanaobishana barazani waende wakatoe damu. Hiyo ni yakini, nayo haimgharimu yatima mti hata mmoja.

Wako walioniuliza kama chembe au damu ya asiye Mwislamu yaweza kuingia katika mwili wa Mwislamu. Yaweza, damu haina dini, na Mwenyezi Mungu hakuzipa chembe kalima. Wengine huuliza kama mtoaji huwa maharimu wa mgonjwa, kama mama wa kunyonyesha. Hawi. Udugu wa kunyonya ni wa maziwa na ni wa utotoni, wala haukuvutwa na wanazuoni hadi kwenye damu.

Limebaki jambo ambalo ndugu yetu hakuliuliza. Mtoto wa miaka tisa huona nyuso za watu na kusikia minong'ono. Akiuliza kama atapona, asidanganywe. Aambiwe kwamba madaktari wanajitahidi, kwamba mwenye kujua ni Mungu, na kwamba mama hataondoka kitandani pake. Na maumivu yakizidi, iko mofini ya kunywa. Nimesikia kwamba baadhi ya jamaa huikataa wakidhani ni kilevi kilichoharamishwa. Mwenye kuumwa namna ile ameruhusiwa, kwani haja imekwisha kuihalalisha. Apewe kwa kadiri aandikavyo daktari, saa zake zikifika, bila kungoja mpaka alie.